Kadi ya Moshi, Tangi la Kitui

Baba Kyalo mpenzi,

Hujambo huko Moshi? Huku Kitui jua linachoma, na Kyalo haniachi nilale. Mama yangu anataka tangi la maji kabla ya mvua, na mwenye duka anataka pesa mkononi. Basi nikaenda benki na kadi yetu ya Tanzania. Mashine ya kutolea pesa ikaniuliza kama ikate kwa shilingi za kwetu ama za Kenya. Mtoto akaanza kulia, na mzee mmoja nyuma yangu akasema, "We mama, si ubonyeze ya kwenu twende!"

"Pole mzee, nikibonyeza ya kwetu benki hii inabadilisha kwa bei yake yenyewe, ya kunipunja."

"Kumbe! Basi wacha alie."

Nikabonyeza ya Kenya. Najua ulisema nitoe kidogo kidogo nisiibiwe, lakini kila ukitoa wanakata ada. Nilitoa zote mara moja, nikazifunga ndani ya nepi ya Kyalo, ile safi. Usinigombeze.

Tangi lilifika jana hapa kijijini Kwa Vonza. Halina hata tone, na Mama ameshaliwekea kufuli. Kula vizuri, mpenzi, na utuombee mvua.

Wako, Mama Kyalo