Hoteli Uliyotuchagulia

Baba Nineth,

Maharage meusi yako jikoni. Kasuku hajala. Zulia la vumbi la mbao tulilolipamba hapo mlangoni usilikanyage, maandamano ya Ijumaa Kuu hayajapita juu yake.

Asubuhi nimeziangalia picha za hoteli yako "isiyosahaulika" uliyotuwekea kwa sikukuu. Eti ina kasuku anayetukana wageni! Wewe mwanaume, huyo si wetu? Mama yako ameitangaza nyumba yetu mtandaoni kuwa hoteli ya wageni wa sikukuu, kama mtaa mzima hapa Antigua, na wewe ukailipia bila kusoma anwani.

~~Nimehamia kwa dada.~~ Hapana, tumeshalipa. Naenda kanisani, nikirudi nitapiga hodi na sanduku langu. Nipokeeni vizuri, wewe na mama yako. Choo kioshwe. Kahawa niletewe kitandani. Mgeni hapiki.

Mkeo,
chumba cha mbele