Kiti Kisichokaliwa

Shosti, nimekwisha. Naandika simu ikiwa chini ya meza.

Hii dhifa ya jeshi ya mume wangu! Nimechelewa, nikaona kiti kitupu, nikakaa. Sahani imefunikwa kifudifudi, nikaigeuza! Kumbe ni kiti cha wenzao waliokufa vitani. Hakikaliwi na mtu! Na mimi NIMEKAA.

Kuinuka siwezi. Hapa hakuna anayesimama kabla ya kamanda, na kamanda ndiyo kwanza anapuliza supu. Mume wangu ananiangalia kama hanijui.

Nikamnong'oneza mama wa pembeni, "Nisamehe, sikujua."

Akasema, "Kaa tu, mwanangu. Mume wangu ni mmoja wao. Kila mwaka nakula na kiti kitupu."

Shosti, kamanda kasimama. Watu wanatoka. Ila mama kanishika mkono, haniachii.