Milioni Moja na Tisa

Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Lydie,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko Kitwe? Watoto hawajambo? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua, umepoa? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Baba ndiye mgonjwa. Miguu imevimba, na daktari amesema tusitegemee kwamba atafika Pasaka.

Najua miaka sita sijakuandikia. Usinune, soma kwanza.

Unaikumbuka namba ya baba, 1.000.009, aliyoipaka rangi ukutani kwetu Katuba? Mwalimu mzima, akawatangazia majirani kwamba ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Likizo ile alitupa orodha ya namba tasa zote zilizo chini ya elfu, mia moja sitini na nane, tuigawanye kwa kila moja, mtu na daftari lake. Ulipofika 293 ukapata 3413, baki sifuri. Ukaenda kumwonyesha huku unacheka.

Alikuchapa mbele ya wageni. Kisha akataka daftari langu, na kwenye 293 palikuwa na baki 2. Alikuwa amekwisha kusema kwamba mmoja wetu tu ataendelea na shule. Wewe akakupeleka kwa shangazi Kasumbalesa, ukauze sabuni kwa madereva wa malori. Mimi leo nafundisha hesabu.

Juzi baba aliagiza namba hiyo iandikwe kwenye kaburi lake. Nilikasirika, maana wanafunzi wangu wangepita pale na kunicheka mimi. Nikachukua chaki, nikaigawanya kwa 293 ukutani, karibu na kitanda chake, polepole, mpaka sifuri. Aliitazama, kisha akaniuliza baki niliyopata mimi.

"Na wewe, Agnès, ulipataka ngapi?"

"Zéro, papa. Sawa na Lydie."

"Juu ya nini haukusemaka?"

"Ulikuwa umeisha kumupiga."

Ndiyo, mdogo wangu. Niliposikia unalia, niliifuta sifuri yangu nikaandika 2. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijua ninachofanya.

Kesho yake baba akaniita nikuandikie. Nilidhani atakuomba radhi. Akasema, "Umuambie Lydie nimemusamehe." Nikamuuliza kosa lako ni lipi. Akasema, "Alinipatisha haya mbele ya bageni."

Huo ndio ujumbe wake, nimeuandika kama alivyoutoa. Ukitaka kumwona, njoo mapema.

Msalimie mumeo Jeannot, na Plamedie, na Nono. Shangazi Marie-Thérèse bado yu hai na anakutaja kila Jumapili. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Mimi msamaha siuombi. Kama ingekuwa leo, ningeandika 2 tena.

Ni dada yako, na kweli nakupenda,
Agnès