Mawe Kumi na Manne ya Ukuta wa Bustani ya Chini

MAELEZO YA SHAHIDI
Mwanamume, miaka 59, mgane. Kazi: mlinzi wa lango. Makazi: nyumba ya mlinzi, ndani ya lililokuwa shamba la mkoloni, sasa hifadhi ya kihistoria.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, ili kusahihisha taarifa niliyoitoa mimi mwenyewe asubuhi ya leo.

Leo, tarehe 9 mwezi huu, saa 12:40 asubuhi, nilisikia nyundo ikigonga katika bustani ya chini, yaani ile iliyochimbwa futi saba na kuzungushiwa ukuta wa mawe na chokaa. Kulikuwa na ukungu. Niliona mtu ameinama akichomoa mawe ya ukuta. Kwa mujibu wa kanuni, nilipuliza filimbi na kupiga simu kituoni. Nilipokaribia ndipo nilipomtambua shemeji yangu, fundi mwashi, dada wa marehemu mke wangu.

Alisema, "Puliza tu, shemeji. Labda na maji yatakusikia yasimame."

Nilimuuliza anafanya nini. Alijibu, "Ukuta una mimba, huoni? Weka mkono."

Niliuweka. Ukuta ulikuwa umetokeza mbele kiasi cha kiganja.

Naeleza kwamba chini ya ukuta huo yapo matundu ya kutolea maji. Mwezi uliopita msimamizi wa hifadhi aliamuru yazibwe kwa saruji, kwa kuwa yalichafua njia ya wageni. Udongo wa nyuma ukilowa na maji yakakosa pa kutokea, ukuta husukumwa hadi uanguke. Shemeji alinieleza jambo hilo siku kumi kabla, akaniomba nimfikishie msimamizi. Niliahidi kuandika barua. Naungama kwamba haikupelekwa. Ilikuwa imefikia rasimu ya nne, kwani sikuridhika na aya ya pili. Katika siku hizo mvua ilinyesha mara tatu.

Mawe yaliyochomolewa ni kumi na manne, yote ya kando ya matundu, ili kuyazibua. Aliyapanga kwenye nyasi kwa mfuatano, kila moja na namba yake ya chaki. Mwizi hana haja ya namba.

Askari walipofika saa 1:25 hakubishana. Alijifuta mikono kwenye sketi, akaniambia, "Usijisumbue roho, shemeji. Nifunikie chokaa isikauke." Niliifunika.

Marehemu mke wangu, siku zake za mwisho, aliniusia: "Dada yangu ana mikono, hana maneno. Wewe unayo, msemee." Nilikubali. Leo maneno yangu ya kwanza juu yake yamekuwa ya kumshitaki.

Hakubomoa; aliokoa. Kosa ni langu. Hayo ndiyo niyajuayo, nami nayatilia sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo yameandikwa nami, koplo wa zamu, saa 3:10 asubuhi. Nimeukagua ukuta: maji yanatoka kwa nguvu katika matundu mawili. Msimamizi ameyaona, ameondoa malalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa saa 5:30. Shahidi alikuwa akimsubiri kwenye benchi. Mama huyo alimwambia, "Nasikia umeongea sana leo." Shahidi alijibu, "Nisamehe." Wameondoka pamoja kurudisha mawe.