Fulana Yenye Sura ya Estelle

Masisi, tarehe 11 Agosti

Mpendwa Mama mukubwa Béata,

Ndiyo, nilisema asante. Uliniuliza neno hilo kwenye simu Jumapili, nikanyamaza mpaka simu ikakatika, na tangu siku hiyo nikikupigia hupokei. Sijui kama ni mtandao wa Ntoto ao ni wewe. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Lakini nisiingie kwako bila kupiga hodi. Unaamkaje, Mama? Goti lako linasemaje na baridi hii? Papa Séraphin, kikohozi kimemwachia? Mihogo ya kule bondeni mmeshaivuna, ao nguruwe wa pori wamewatangulia tena? Sisi huku tuko wazima. Maharagwe yametoka vizuri, na mama mukwe ananifundisha kuyapanda kwa mistari kwenye mlima ili mvua isiyashushe.

Nimeolewa wiki ya saba sasa. Naona haya kukuambia katika barua kama hii kwamba nina furaha, lakini nikikuficha nitakuwa nimekudanganya mara ya pili. Valens anaamka kabla yangu kuwasha moto. Mama yake akimwona anaguna, yeye anamjibu, «Mama, wewe njo ulinifundisha.» Nikimsikia hivyo nabaki chini ya blanketi nacheka peke yangu kama mujinga. Haki ya Mungu, Mama mukubwa, sikujua kwamba mutu anaweza kupendwa hata mu mambo ya kuni.

Unajua ni binti yako Estelle aliyetukutanisha. Yale maongezi anayorekodi Goma, yanayoitwa Tuongee Kwanza, ndiyo watu wanaita podikasti. Si redio, watu wanatumiana kwa simu, na huku hata wachungaji wa ng'ombe wanayasikiliza milimani. Valens alimtumia sauti yake akiuliza: kijana atamwambiaje binti kwamba anampenda, kama baba ya binti anazungumza tu bei ya ng'ombe? Estelle alinisikilizisha kwanza mimi dada yake. Nilirudia sauti ile mara tano, halafu nikamwomba namba.

Kwa hiyo Estelle alipoita wasikilizaji wake wakutane Goma, sisi tungekosaje? Ujumbe ulisema kila mutu aje amevaa kawaida tu, suruali na fulana ya Tuongee Kwanza. Alitutumia mbili, nyeupe, mpya. Kifuani kuna sura ya Estelle anatabasamu, jina lake chini, mwaka podikasti ilipoanza na mwaka huu, na maneno haya: Sauti yako tunabaki nayo. Aliyezichapa ni yule kijana wa Goma anayechapa fulana za misiba, zile zenye sura ya marehemu. Mkono wake umezoea, akaongeza na maua mawili pembeni.

Umeshaiona sasa, Mama. Mimi sikuiona. Niliona sura ya dada yangu na mume wangu amevaa sawa na mimi, nikaona tumependeza.

Mama mukwe ndiye aliyeona. Tulipokuwa tunatoka aliniambia, «Mwali, vaa kitenge chako cha ndoa. Sura ya mutu ku kifua, iyo haiko nguo ya kutembea nayo.» Nikamjibu kwa adabu, lakini moyoni nikasema wazee hawa hawajui mambo ya sasa. Hata sikumaliza kumsikiliza, nikafunga mlango.

Pale Sake tuliteremka kubadilisha gari. Mama mmoja anayeuza samaki wa ndagala kwenye njia panda alinitazama sana kifuani.

«Uyu ni ndugu yako?» aliniuliza.

«Ni dada yangu kabisa,» nikajibu, kwa majivuno yote.

«Alikuwa angali kijana. Pole, mama. Mungu awatie nguvu.»

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Sitaki useme mtoto wa dada yako hakuelewa. Nilielewa. Nilijiangalia kifuani, nikaona ile miaka miwili na yale maua, nikaelewa kila kitu. Lakini dereva alikuwa anapiga honi, Valens amenishika mkono, na kumweleza mama yule podikasti ni nini kungechukua muda. Tena, nitasema yote, ilikuwa mara ya kwanza mutu wa njiani kuniita mama. Ilinipendeza. Nikatabasamu, nikasema, «Asante, mama.» Nikapanda gari.

Sikumwona yule mchuuzi Sebarenzi nyuma yake, amebeba chumvi yake ya kupeleka Mpofi, jirani na kwenu. Sikujua kwamba anakufahamu. Yeye alinifahamu, akanisikia kwa masikio yake mwenyewe nikipokea pole ya Estelle. Angeacha kukuletea habari hiyo kwa sababu gani? Alifanya kazi ya mutu mwema. Usimchukie.

Wakati yeye anapanda mlima na chumvi na msiba wako mgongoni, mimi Goma nilipewa kipaza sauti. Nikasimulia ya Sake kama kichekesho. Ukumbi mzima ulicheka, na Estelle alicheka mpaka akafuta machozi. Sasa amefuta sehemu hiyo, nimemwomba. Kila nikikumbuka kicheko kile, nahesabu siku, naona kwamba mimi nikicheka, wewe ulikuwa bado unapalilia shamba lako kwa amani, na mimi ndiye niliyeituma ile habari kwako.

Kaka Prince alinieleza yaliyofuata. Kwamba mliwasha moto uani. Kwamba watu wa Ntoto walilala nje pamoja nanyi usiku mbili, na wengine walitoka Mpofi kwa miguu. Kwamba Papa Séraphin alipanda kilima kutafuta mtandao, akapiga namba ya Estelle ili amuulize aliyebaki na simu yake maiti iko wapi. Na Estelle mwenyewe akapokea.

«Uko nani wewe?»

«Ni mimi, Papa.»

«Mimi nani?»

«Mimi Estelle. Papa, unalia nini?»

Prince anasema Papa alikaa chini kwenye majani, na alishindwa kushuka mpaka wakamfuata. Huku watu wakisikia hadithi hiyo wanacheka. Mimi siwezi tena.

Na wewe ulinyoa. Hilo Prince hakutaka kuniambia, nililazimisha. Nywele zako, Mama mukubwa, ambazo ulikuwa unanipa nisuke nikiwa mudogo, hata nikizisokota vibaya unaenda nazo kanisani. Sasa nasikia Jumapili huendi, kwa sababu utawaambia nini watu waliokulilia mtoto aliye hai. Aibu hiyo si yako. Ni yangu, wewe unaibeba tu kwa kuwa mimi niko mbali.

Valens alitaka tuzichome zile fulana. Nimekataa. Ziko ndani ya mfuko, zimefuliwa, nitakuletea uamue wewe, uzichome ao upangusie sufuria. Mama mukwe alinikunjia tu kile kitenge cha ndoa, akakiweka juu ya kitanda changu. Ningependa angenigombeza.

Hukuweza kuja kwenye arusi yetu kwa ajili ya ubaya wa njia, na ulisema utanibariki nikija kukuonyesha mume. Sijui kama neno hilo bado lipo. Silidai. Nitakuja hata kama halipo, na nitapita nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyelala nje kwa ajili yetu. Nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu: Béata hakudanganya mutu, Sebarenzi hakudanganya, ni mimi nilisema asante mahali pa kusema hapana. Valens atabeba chumvi ya kuwashukuru. Anakuogopa sana, lakini amesema hataniacha niseme peke yangu.

Unisalimie Papa Séraphin, umwambie nampigia magoti. Unisalimie kaka Prince na mke wake Fifi, na wote waliokaa nawe kwenye moto ule. Mungu aliyemwacha Estelle hai akurudishie usingizi wa usiku mbili hizo, na nywele zako ziote nyingi kuliko za zamani.

Mwezi huu hautaisha hujatuona. Estelle ameomba ruhusa, tunakuja naye. Atatangulia yeye kuingia uani, ili kila mutu amwone na wewe umshike. Mimi nitabaki nje ya lango, nimevaa kitenge, mpaka uniite.

Mtoto wako akupendaye, hata ukimnunia,
Adelaïde