Nyota Nane Kushoto

Isipingo, Durban, 28 Aprili 2025

Mjomba wangu Respicius,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Ulifika Johannesburg salama? Mgongo unasemaje baada ya yale masaa yote ya basi? Sisi tuko. Mama anakohoa kidogo lakini kila siku anaenda Queensburgh kumhudumia yule bibi mzee, Gogo Deborah, hakuna wa kumzuia. Barua hii nampa Annick, muuza mitumba, aibebe pamoja na mabalo yake ya nguo, maana unanijua, kwenye simu nanyamaza mpaka unadhani network imekatika.

Nataka kukuuliza habari ya ile sarafu. Jumatatu ya Pasaka, Gogo alipokupa bahasha umpelekee mtaalamu wa duka la sarafu unalolinda, mimi nilikuwa jikoni nasikiliza. Nikuambie kitu, lakini mama asijue. Nikimsubiri mama kwa Gogo baada ya shule huwa nasoma vitabu vya marehemu mume wa Gogo. Vyote ni vya dhahabu za Amerika za zamani. Mwezi wa tatu nilifungua droo yake bila ruhusa, nikatoa ile ya dola tano ya mwaka 1806, nikaipiga picha.

Mjomba, zamani zile fundi alichonga muhuri wa chuma wa kugongea sarafu kwa mkono, nyota moja moja kwa nyundo. Muhuri ukipasuka anachonga mwingine, na nyota hazikai tena pale pale. Basi sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kutoka mihuri tofauti, moja ya kawaida, moja adimu. Ile ya Gogo, yule mwanamke wa kofia aliyechorwa juu yake ana nyota nane kushoto na tano kulia, na ile 6 ya 1806 imechongoka ncha. Kitabu kinasema za hivyo ni chache kuliko zile za saba kwa sita. Mwambie mtaalamu ahesabu vizuri!

Mpwa wako,
Ghislaine


Johannesburg, 6 Mei 2025

Kwa mpwa wangu Ghislaine,

Jambo sana, professeur wangu wa dhahabu. Mimi mzima, mgongo ni ule ule, umeshazoea kulalamika. Mama yako anywe tangawizi, asijifanye chuma.

Mzee wetu wa lensi ameitazama sarafu. Eti dhahabu ni halali kabisa, ila aina ni ya kawaida: nyota saba kushoto, sita kulia, na ile 6 ya mwaka ina kifundo juu. Ameandika yote kwenye karatasi. Labda wewe ulihesabu ukitetemeka na droo iko wazi, ha ha! Nitairudisha mwenyewe nikija Pentekoste.

Lakini ile picha usinitumie kwenye simu, tafadhali. Hapa mlangoni wanakagua simu za walinzi kila tukitoka. Na mambo ya droo usimwambie mtu.

Mjomba wako akupendaye,
Respicius


Isipingo, 10 Juni 2025

Mjomba,

Natumaini safari ilikuwa njema na mgongo umepumzika. Mama ameacha kukohoa.

Juzi uliporudisha sarafu tulikuwa wote kwa Gogo. Wewe uliniuliza mbele ya watu, "Eh, huyu ulimi wake ameuacha shule?" nikacheka na wengine. Moyoni sikuwa nikicheka. Gogo alipofungua bahasha nilisimama nyuma ya kiti chake nikahesabu. Saba. Nikahesabu tena nikimwekea chai. Saba, na sita, na kile kifundo. Gogo aliitazama muda mrefu, akatabasamu, akakushukuru tu, "Sharp, Respicius," akakukatia keki mara ya pili. Macho yake si mazuri siku hizi.

Picha yangu ninayo. Nimeikuza mpaka inakaribia kupotea, na nyota bado ni nane. Sikutetemeka, mjomba. Sarafu iliyotoka hapa si hii iliyorudi. Kwanza nilimfikiria yule mzee wa lensi. Halafu nikakumbuka ni wewe uliyesema nisitume picha. Ni wewe uliyesema nisimwambie mtu. Na una viatu vipya.

Siku moja mpwa wa Gogo atakayemrithi ataipeleka kwa mnunuzi, watahesabu, watauliza nani anaingia humo ndani kila siku. Watamtaja mama. Akipoteza kazi hiyo kwa sifa ya wizi, nani atamchukua tena?

Niambie kitu ambacho naweza kuamini.

Ghislaine, mpwa wako


Johannesburg, 16 Juni 2025

Ghislaine,

Salamu. Niko mzima, ingawa barua yako niliisoma nimesimama, sikuweza kukaa.

Viatu ni vya mitumba. Annick mwenyewe aliniuzia, muulize. Miaka saba nalinda dhahabu za watu hapa, sijatoka hata na vumbi lake kwenye kucha. Mlinzi akikutwa na picha ya mali kwenye simu anafukuzwa siku hiyo hiyo, hakuna kujieleza. Ndiyo maana nilikukataza. Kuhusu droo, nilitaka nikufiche wewe, si mimi.

Nilichopewa ndani ya bahasha ndicho nilichorudisha. Kama una swali, mwenye mali yuko hapo, muulize Gogo.

Bado mjomba wako,
Respicius


Isipingo, 20 Julai 2025

Mjomba Respicius,

Sijui kama nina ruhusa ya kuuliza hali yako. Nauliza. Unakula? Unalala wapi?

Sikumuuliza Gogo. Ningemuuliza, angesema, "Wewe uliionaje?" na mimi nilikuwa naogopa droo kuliko nilivyokuogopea wewe. Nikafanya kitu kingine. Tarehe ishirini ya mwezi wa sita niliandikia duka lenu imeil, kwa Kiingereza, kile Kiingereza ambacho mwalimu ananisifia. Kwenye karatasi hakitetemeki kama sauti yangu. Sikuandika neno mwizi. Niliuliza tu ni nani aliyekuwa amebeba sarafu ya 1806 kati ya Durban na kwao, na nikaweka picha. Nikajiona nina akili sana.

Halafu Annick akaja, akasimama mlangoni kwetu na mabalo yake. "Marcelline, ndugu yako wamemvua uniform mbele ya wenzake! Eti barua ilitoka Durban. Nani anamchukia hivyo huku kwenu?" Mama alikaa chini akalia. Mimi niliendelea kukata vitunguu. Ilinifaa, macho yalikuwa na sababu.

Jana Gogo aliniita. "Kaa. Tangu Pentekoste unaitazama droo yangu kama mbwa anayetazama friji." Akafungua kopo la majani ya chai, akachimba kwa kidole, akatoa sarafu. Nane kushoto, tano kulia, ncha imechongoka.

"Mume wangu alikuwa nazo mbili za mwaka huo," akasema. "Hii ndiyo nzuri. Ndugu wa mama yako sikumjua. Nikampa ile ya kawaida kwanza, nione kama itarudi. Ikarudi! Sasa nataka aipeleke hii."

Mjomba, mtu wa sarafu anaweka mbili za mwaka mmoja kwa sababu hazifanani. Iko kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu. Niliusoma mara nyingi. Wewe ulisema saba, na zilikuwa saba.

Nilimwambia Gogo yote, droo na imeil. Utani ukamwisha. Alinisogezea simu yake. Nikapiga duka, nikaongea, kwa sauti, na waliponiambia nirudie nikarudia. Wakasema wameelewa, asante, nafasi yako imeshachukuliwa.

Mama bado sijamwambia kwamba ni mimi. Ukisema nimwambie, nitamwambia leo.

Nisamehe.

Mpwa wako,
Ghislaine


12 Oktoba 2025

Ghislaine,

Salamu. Mimi mzima. Mgongo una nafuu.

Barua yako niliipata mwezi wa saba. Nimeisoma.

Mama yako usimwambie. Ameshalia vya kutosha. Mwambie nipo na ninakula.

Gogo mwambie atafute mtu mwingine wa kubeba.

Nimepata tena kazi ya kulinda. Ni mahali pazuri, wenye kazi wananiamini. Sitaandika ni wapi.

Soma vizuri, mitihani imekaribia.

Respicius