Maganda Yaliyong'aa Kupita Kiasi

Jumatano jioni, Kibiti. Joto la kukaba, upepo hakuna. Chai ya asubuhi bado iko kikombeni, sijaigusa.

Leo nusura nimpofue mjomba wangu.

Mjomba Athumani ana bunduki, na watu wa delta humwita viboko wakizidi mashambani. Risasi hujaza upya mwenyewe, kibali anacho. Kazi yangu ni maganda tu. Ganda la shaba likishapigwa hutanuka, nami hulibana kwenye kalibu ya chuma mpaka lirudie kipimo chake. Kwanza hulitazama karibu na kitako. Ukiona mstari mwembamba umezunguka, ganda hilo limechoka, litupe. Likipasukia ndani ya bunduki, moto humrudia mpigaji usoni.

Wiki iliyopita mke wangu Zuhura aliyakuta kwenye beseni, meusi. Akayaloweka kwenye ndimu usiku kucha, akayasugua kwa majivu kama anavyosugua masinia ya shaba ikikaribia harusi. Yakang'aa. Nikamsifu, nikayabana yote sita. Nimeshinda nikijiambia kwamba mstari usingeonekana kwenye mng'ao ule.

Ukweli ni kwamba sikutazama.

Mjomba alijaza matano, la sita akaniachia. Leo asubuhi nikalirudisha kwenye kalibu kulipima tu, likakatika kitako. Yote sita yamepigwa mara sawasawa, yametoka kwenye ndimu ile ile. Na mjomba aliondoka baada ya swala ya alfajiri kwenda Mbuchi, kuna kiboko anaumaliza mpunga.

Simu yake haikupatikana. Nikampigia Bakari, mwenye boti pale Nyamisati, alikuwa anapakia kwenda huko huko. Nikamwambia, "Ukimwona mjomba mwambie anitafute." Nikakata. Niliona haya kusema kazi yangu mbovu.

Mficha uchi hazai. Nikapiga tena. "Bakari, mwambie asipige hata risasi moja. Maganda nimeyaharibu mimi."

Kuanzia saa nne mpaka saa tisa sikukaa chini. Nilimkasirikia Zuhura, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Nimeogopa leo kuliko siku yoyote ninayoikumbuka.

Simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Bakari kanikuta nishaweka moja ndani, mnyama yupo mbele yangu."

"Itoe mjomba."

"Nishaitoa. Nani kayaosha maganda haya?"

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, kashika mdomo.

"Kaosha Zuhura. Lakini kuyapitisha nimepitisha mimi, na sikuyatazama."

Nikasikia watu nyuma ya mjomba wakibishana, na mwanamke mmoja akiulilia mpunga wake.

"Watu wameshinda juu ya madungu ya kulindia mpunga wakinisubiri," akasema. "Sasa wananiuliza mbona sipigi. Niwaambie nini?"

Ningeweza kumwambia asingizie bunduki. Neno lilishafika mdomoni.

"Waambie ni mimi, mjomba. Nitaje kwa jina."

Akasema haya, akakata.

Kesho napanda boti kwenda Mbuchi, nikapige nao madebe kumfukuza huyo kiboko. Yule mama nitamtambua kwa sauti. Nikishamwamkia, nitamwambia nini?